Bawaba Unazozitafuta

Restituta, mke mwenzangu,

Kama basi bado halijafika Kisawasawa, kunja karatasi hii uirudishe mfukoni. Nilikwambia usifungue kabla ya hapo na nilikuwa na sababu.

Haya. Umefika.

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi sikuulizi. Nimekuona muda si mrefu ukitoka kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, umevaa sketi ile ya buluu, nywele zina unga wa mbao, unatembea kama mtu anayedaiwa. U mzima. Na mimi ni mzima, ila goti.

Mkono unaoandika ni wa Mama Anitha, jirani yetu wa upande wa kisima. Maneno ni yangu. Unajua shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na mzigo wa kuni, kwa hiyo usihangaike kutafuta mwandiko wangu humu. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Ameshaanza ubishi. Nimesema goti, yeye akataka kuandika naendelea vizuri kwa neema za Mungu. Nikamwambia, Mama Anitha, goti haliendelei vizuri na Mungu mwenyewe analijua. Andika goti.

Utajiuliza kwa nini nisikwambie kwa mdomo na sisi tunalala chumba kimoja. Ni kwa sababu ya utani. Nikianza tu, utaniambia babu alikupenda wewe kuliko mimi, nami nitakwambia alikupenda kwa kuwa hukuwahi kumpikia, tutacheka mpaka tuishiwe pumzi, tutalala, na asubuhi utaondoka. Utani wetu ni mtamu lakini kuna neno haujawahi kulifikisha.

Sitakwambia ule nini huko Makambako wala uvae nini. Baridi itakufundisha sweta. Kazi ya useremala umeisomea chuoni na huyo fundi anayekusubiri atakuongezea, mimi nisiyejua kushika randa nitakwambia nini? Nataka kusema juu ya shelfu. Shelfu letu la vyombo, na milango yake, na jinsi nilivyokubwatukia.

Shelfu lile alilipigilia babu yako mwaka aliotoka kwenye kukata miwa. Hakuwa fundi. Alikuwa na nyundo na kiburi. Nilimwambia nataka kabati, akaniletea vibao vitatu vya kulala na viwili vya kusimama, akasema, "Milango baada ya mavuno." Mavuno yakaja, akasema mvua zilikuwa chache. Mavuno mengine yakaja, akasema mvua zilizidi. Alikufa hajasema uongo wowote maishani mwake isipokuwa huo wa milango. Mimi nikazoea. Vumbi la barabara likawa linaingia, napangusa. Mijusi wakapita, nafudikiza vyombo mdomo chini. Kuku wako akataga kwenye hotipoti, tukala yai.

Kumbe wewe hukuzoea. Ulikuwa unaliangalia shelfu kwa jicho la fundi na mimi sijui.

Nilipokwenda Mngeta kwa dada yangu kumsaidia kuvuna, ukapata nafasi. Nakumbuka nilivyoshuka kwenye bodaboda na kiroba changu cha mchele, goti linalia, nina hamu ya kuingia ndani kwangu. Nikafungua mlango. Macho yangu yakaenda pale yanapokwendaga siku zote nikiingia, na pale palikuwa na mbao. Milango miwili ya mtiki, imepigwa msasa mpaka inateleza, imefungwa. Na wewe umesimama pembeni na bisibisi, meno yote nje.

"Milango hii kaweka nani?"

"Mimi, Bibi. Shikamoo!"

"Nakuuliza milango, wewe unaniamkia?"

"Ni zawadi, Bibi, kabla sijaondoka. Kuku hatagi tena kwenye hotipoti. Ona inavyofunguka, haina hata kelele."

"Na huu mwanya hapa katikati? Huko chuo walikufundisha kuwawekea panya barabara?"

"Ni nafasi ya mbao, Bibi. Sasa ni kiangazi, mbao imesinyaa. Masika ikivimba itaziba yenyewe. Nisipoiacha, itakwama."

"Ng'oa."

Nilisema hivyo. Mama Anitha amenitazama, lakini ndivyo nilivyosema. Ukadhani natania, ukacheka. Nikasema mara ya pili. Hapo meno yakaingia ndani.

Ukachukua bisibisi. Ukang'oa mlango wa kushoto, ukaulaza juu ya mkeka taratibu kama mtoto aliyelala, na bawaba zake mbili ukaziweka juu yake. Nilipoona unauendea wa kulia nikasema, "Acha, basi," nikatoka nikaenda nyuma ya nyumba kupepeta kitu ambacho hakikuhitaji kupepetwa. Tangu siku ile shelfu limekaa kama mtu mwenye chongo, jicho moja wazi, jingine limefumba. Nawe hukuniuliza neno. Umefagia, umepika, umeniamkia kila asubuhi kwa adabu kama mgeni. Restituta, adabu yako hiyo imeniuma kuliko goti.

Sasa nisikilize. Uling'oa wa kushoto. Mlango uliokuwa karibu na mkono wako ni wa kulia, nilikuwa nakuona ulivyosimama. Ukazunguka, ukaenda kuanza na wa kushoto, kwa sababu nyuma yake ndipo kilipokuwa kikombe cha mama yako. Sikukwambia ni upi. Hatujawahi kuzungumza juu ya kikombe kile, mimi na wewe, hata siku moja. Nilipokuwa kule nyuma ya nyumba na ungo mtupu ndipo nilipoelewa kwamba miaka yote hii umekuwa ukiniona.

Basi acha nikusimulie, maana kuona si kujua.

Kwa mama yangu tulikuwa na desturi hii. Msimu wa kilimo watu wazima walihamia bondeni kwenye mashamba ya mpunga, wakakaa huko miezi, wanalala kwenye dungu kulinda ndege na nguruwe. Nyumbani vyombo vyote vilifudikizwa, ila kikombe cha aliye mbali kiliachwa mdomo juu. Ukifudikiza cha mtu aliye safarini ni kama umemwambia maji yake yamekwisha hapa. Ndiyo hivyo tu. Padri hakuitaja, sisi tuliishika.

Mama yako Kristina alipopata kazi ya kupikia wachimbaji kule Tunduru, wewe ulikuwa unajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Akasema, "Mama, nikae na mtoto wapi kwenye mahema? Nikitulia nitamfuata." Nikaona ni neno la akili. Nikaanza kumfungashia. Unanijua mimi nikifungasha. Sufuria mbili, mwiko, mkeka, jembe, mchele, pepeta ya mpunga mbichi uliotwangwa, mto, kanga zake zote, mpaka jiwe lake la kusugulia miguu. Babu yako akasimama mlangoni akauliza, "Huyu anasafiri au anahama?" Nikamjibu, "Mtoto wangu hataomba kitu kwa mtu." Nilijivuna, Restituta. Stendi watu walilitazama furushi lile na mimi nikatembea mbele yake kama bibi harusi.

Kikasahaulika kikombe tu. Hiki cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, kimebanduka upande mmoja. Alikuwa amekinywea chai asubuhi ile. Akapiga simu, "Mama, nimesahau kikombe changu." Nikasema, "Kuna mtu anakuja huko, nitakutumia." Akasema, "Usitume. Nitakuja kukichukua mwenyewe."

Lakini hakuwa na haraka, na kwa nini awe nayo? Kila nikimwuliza alikuwa anasema, "Sijapungukiwa, Mama." Mimi nikifurahi! Nikiwaambia majirani, wangu hajapungukiwa. Halafu ikaja homa, ikamchukua upesi, na habari zake zilinifikia ameshafukiwa. Kaburi lake nimeliona mara moja. Nilikaa pale na kitu kichwani mwangu kilikuwa kimoja: nilimpa vyote, nikamwacha bila cha kufuata nyumbani zaidi ya kikombe.

Mama Anitha ameacha kuandika. Anasema, "Mama, alikuachia mtoto. Si angefuata mtoto?" Nikamwambia ndiyo, angekufuata wewe, na angekuchukua moja kwa moja, hilo pia nililijua na nililiogopa. Liandike hilo. Sijui kama mtu hurudi kwa ajili ya mwiko. Labda harudi. Ila mtu akiacha kitu chake kwao hukitaja. Husema, ile kanga yangu bado ipo? Anayetaja yuko njiani, hata kama njia ni ndefu.

Kwa hiyo kikombe hakikufudikizwa. Kila siku naingia ndani nakiona kimesimama mdomo juu, nakipangusa vumbi, nakirudisha. Ndiyo maana nilipoingia nikakuta mbao, moyo wangu ulifanya kitu ambacho mdomo ukakifuata bila kufikiri. Hukufanya kosa. Ulitengeneza mlango mzuri mbele ya kitu ambacho hukuambiwa ninakitazama. Huko uendako utaingia nyumba za watu na futi kamba yako, utapima upana, utapima urefu. Kabla hujapima, mwulize mwenye nyumba, ukiingia humu ndani unaangalia wapi? Wengi watakucheka. Uliza hivyo hivyo.

Na watakucheka kwa mengine pia. Utakuwa msichana peke yako kwenye karakana, watakuita, "Dada, chai iko wapi?" Mimi sina ushauri wa maana hapa, maana mimi mtu akinicheka huwa namrushia kitu. Wewe una moyo wa mama yako, unanyamaza. Nyamaza, lakini usinyamaze kama ulivyoninyamazia mimi wiki hii. Kunyamaza kule ni kubaya. Afadhali urushe randa.

Kuhusu ule mwanya nilioutukana. Nina aibu nao, ngoja nikwambie kwa nini.

Nilipokuwa mke mpya, mavuno yangu ya kwanza na babu yako yalikuwa mazuri mno. Nikaanza kuogopa macho. Ndugu zake walikuwa wanapita kila siku, "Shemeji, mpunga umeitika!" Mimi nikasikia "Shemeji, tupimie." Basi nikaona niufiche upesi. Haukuwa umekauka sawasawa, kiganjani bado ulikuwa na ubaridi, mama yangu alikuwa amenifundisha ubaridi ule. Nikautia kwenye magunia, nikashona midomo, nikaupanga kwenye chumba cha ndani, nikaziba dirisha kwa matofali. Babu yako akasema, "Mke wangu, mpunga unataka hewa." Nikamwambia, "Wewe umejua lini mpunga, wewe si wa miwa?"

Baada ya muda ukawa unaingia ndani unasikia joto kama kuna mgonjwa. Kisha harufu. Harufu ndiyo iliyonitangaza, mwanangu, watu wa barabarani walikuwa wanageuka. Tulipofungua gunia mkono haukuingia, mpunga ulikuwa umeshikana kama tofali, kijani na nyeusi, mwingine umeota mizizi gizani. Na waliotulisha mwaka ule ni wale wale mashemeji. Mmoja akileta mchele alikuwa anagonga gunia tupu ananiuliza, "Shemeji, hili nalo tulizibe?" Nililizika neno hilo wakati namzika yeye, na alipokuwa hai sikuwahi kumjibu.

Halafu mtoto wa juzi ananiambia acha nafasi, mbao itavimba, mimi namjibu panya! Mlango wetu wa mbele je? Kila masika hatuufungui kwa kitasa, tunausukuma kwa nyonga, na mgeni hudhani tumemfungia. Nimekaa na mlango ule umri wangu wote wa ndoa na sikuwahi kujiuliza aliyeutengeneza alisahau nini. Mwanya wako nimeutazama vizuri ulipokuwa kwenye kwaya. Nimeuegemeza ule mlango wa kushoto mahali pake, nikapitisha kidole. Umenyooka juu mpaka chini kama mstari wa kupandia. Mtu aliyefanya vile ametulia moyoni. Nilipaswa kusema hivyo siku ile kwenye mlango na kiroba changu mkononi, kabla hata ya kuitikia shikamoo.

Marahaba, Restituta. Nilikuwa sijaitikia.

Mama Anitha anafuta macho kwa upande wa mkono na bado ananiambia karatasi inakwisha, kama vile karatasi ameinunua yeye. Ngoja nimalizie.

Nimeamua jambo, na nimelifanya mbele ya huyu shahidi hapa ili nisije nikageuka. Nimechukua kikombe cha mama yako, nimekiosha kwa maji ya moto na majivu kama alivyopenda, nimekikausha. Nimekifudikiza. Mkono ulikataa kidogo lakini nimekifudikiza. Nimekiweka upande wa kulia, nyuma ya mlango ulioutengeneza, nimeufunga, na kweli hauna kelele. Yeye amefika. Hana safari tena, na mimi nilimweka stendi miaka yote hii, mdomo wazi, vumbi linamwingia. Apumzike nyuma ya kazi ya mtoto wake.

Kwa hiyo upande wa kushoto, ule ulio wazi, kuna nafasi.

Asubuhi ukinywa chai utataka kuosha kikombe chako cha kijani ukitie kwenye begi. Nitakunyang'anya. Utasema, "Bibi, huko nitanywea nini?" Nitasema kanunue. Wakati unasoma haya utakuwa umeshanikasirikia kuhusu kikombe, na tangu basi lipite Lumemo unajiambia bibi huyu amekuwa bahili mpaka wa kikombe cha plastiki. Si ubahili. Kitakaa pale kushoto, mdomo juu, na nikiingia ndani nitakiona kabla sijaona kitu kingine. Huenda pia umeona sikukufungashia. Mchele kidogo, pepeta, basi. Mkeka wako umebaki. Kanga yako ya njano imebaki. Nimekuacha na mapengo makusudi, na kila pengo nimelitafakari usiku mzima ulipokuwa unakoroma.

Sasa bawaba.

Jana umezitafuta chini ya kitanda, ukamwaga kopo la misumari, ukapekua mpaka matandiko ya kuku. Ulitaka kuurudisha ule mlango kabla hujaondoka, nilijua. Ukaniuliza, "Bibi, hujaziona bawaba mbili na skrubu zake?" Nikakujibu, "Muulize kuku wako." Kuku hana hatia. Nimezifunga kwenye pindo la kanga yangu, na hapa ninapokaa zinanichoma kiuno.

Ndiyo sababu nikasema usifungue kabla ya Kisawasawa. Ungefungulia Ifakara ungeshuka na bisibisi ukaja kumaliza kazi. Sitaki uimalize. Fundi aliyeacha kazi nusu kwa mtu hujulikana, na mimi mdomo wangu unaujua, nitawaambia kanisa zima kwamba shelfu langu lina mlango mmoja kwa sababu ya mjukuu wangu Restituta. Watakuulizia. Kila Jumapili watakuulizia, na mimi nitapata mtu wa kuzungumza naye habari zako.

Mlango wenyewe nimeuegemeza nyuma ya kitanda, uso ukutani, nimeufunika gunia kavu. Gunia lina matundu, usiogope.

Njoo masika. Najua barabara zitakuwa mbaya, njoo hivyo hivyo, maana mlango wa kiangazi fundi wake hajui kama aliupima sawa mpaka mvua zinyeshe. Utaupitishia kidole ule wa kulia uone kama nafasi uliyoacha ilitosha. Kisha nitafungua pindo nikupe bawaba zako, na uutundike wa kushoto, na mimi nikushikie.

Bisibisi uje nayo. Mimi sina, na ya jirani siazimi.

Bibi yako